Kipindi cha redio ya chuo: nitapataje maoni ya kweli ya wasikilizaji?

Binti_wa_Kimara

Habari za jioni wakuu. Wakubwa zangu shikamooni.

Nasoma uandishi wa habari mwaka wa pili, chuo kimoja hapa Dar. Tuna redio ya chuo, masafa yake madogo lakini Ubungo, Sinza, Mabibo na Manzese inashika. Muhula huu nimekabidhiwa kipindi cha wanafunzi, kila Alhamisi saa kumi na mbili jioni hadi saa moja. Watangazaji wawili, wawili wa kuzunguka mtaani na kinasa sauti, mmoja wa mitambo, na mimi ndiye prodyuza.

Muda wenyewe naupenda sana. Saa hiyo watu wamekwama kwenye foleni Morogoro Road, mama ntilie wa pale getini wanapakua ubwabwa, wanafunzi waliopanga mtaani ndio wanarudi magetoni. Nataka kipindi kiwe chao. Mada ninazo za kutosha: kodi ya miezi sita kwa mkupuo na dalali anayetaka ya mwezi mzima juu yake, bumu (hela ya mkopo ya kujikimu) kuchelewa, kuhangaikia nafasi ya fildi, sapu (mitihani ya kurudia), na namna ya kumwambia mzazi kwamba umedisko, yaani umefeli na chuo kimekuondoa.

Kinachoninyima usingizi ni maoni. Nimekaa na simu ya studio nikasoma meseji zote walizoachiwa wenzetu waliomaliza. "Mko vizuri." "Nawakubali sana." "Naomba wimbo." "Salamu kwa rumeti wangu." Nusu ya namba zimeseviwa kabisa kwa majina ya utani, maana yake ni washkaji wa watangazaji. Hakuna aliyesema mada fulani hakuielewa, wala kwamba mgeni aliongea mno. Mwisho wa muhula natakiwa kupeleka ripoti ya wasikilizaji, na sitaki ripoti yangu iwe mkusanyiko wa sifa kutoka kwa marafiki. Nataka kujua kama kijana wa Manzese anayetafuta chumba alisikia kitu kikamsaidia.

Kwa hiyo naomba nondo kwa wenye uzoefu. Saa moja niigaweje? Na mtu asiyeandika meseji nimfikieje? Hela tuliyonayo ni ya vocha tu.

---

Kaka_Duka

Mimi nina duka Mabibo na redio yenu naisikiliza, ngoja niseme ukweli wangu. Muziki mnaouweka chini ya maneno uko juu mno. Kwenye spika ya dukani, na bajaji zinapita, namsikia mwimbaji kuliko mgeni. Halafu mtangazaji akiuliza swali analijibu mwenyewe, mgeni anabaki kusema "ndiyo, ndiyo".

Kuhusu kuandika: namba mnaitaja mara moja, mbio mbio, na mimi muda huo nahesabu chenji ya mtu. Nikimaliza mmeshaingia kwenye wimbo. Sijawahi kuwaandikia kwa sababu hiyo tu, siyo kwamba sina la kusema.

---

Dada_wa_Studio

Mdogo wangu, umeuliza vizuri. Nimekuwa prodyuza wa vipindi vya jioni kwa miaka mingi, na hilo la meseji za sifa liko kila kituo, vikubwa kwa vidogo.

Kwanza hiyo saa moja. Kabla hujagawa dakika, andika sentensi moja juu ya karatasi: msikilizaji akizima redio, ataweza kufanya nini ambacho mwanzo hakuweza? Mfano, kwenye mada ya vyumba: "Atajua maswali ya kumuuliza mwenye nyumba kabla hajampa dalali hela." Sentensi hiyo ndiyo itakuambia mgeni ni nani. Pengine si ofisa yeyote, ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyehama nyumba mara kadhaa na anajua kuuliza luku ni ya kila mtu au ya kuchangia, maji yanatoka siku zipi, na mkataba umeandikwa jina la nani.

Fungua na sauti ya mtaani. Watangazaji kuulizana hali na kucheka dakika tano ni muda wa mtu kuhamia kituo kingine. Weka kijana anayesema alilipa nini na akakuta nini, kisha mtangazaji aitaje mada. Mgeni mpe dakika kumi hivi, piga wimbo mmoja, halafu arudi pamoja na simu za wasikilizaji. Na kwa kuwa watu wako njiani, wanapanda na kushuka, kila baada ya dakika chache mtaje tena mgeni na mada. Wewe uliye studio utaona mnarudiarudia, lakini aliyepanda daladala Shekilango ndiyo kwanza anasikia. Namba ya simu Kaka_Duka ameshaieleza: isomwe taratibu, mara mbili, na isomwe wakati hakuna muziki. Mwishoni acha nafasi ya kupumua, maana saa moja kamili ikifika haimsubiri mtu.

Sasa maoni. Njia iliyonifundisha kuliko zote ni kwenda kukaa na msikilizaji kipindi kikiwa hewani. Kuna fundi cherehani Manzese nilikuwa naenda kukaa kwake, redio yake ndogo iko juu ya rafu ya vitambaa, na mimi na daftari. Simuulizi kitu. Namwangalia mkono. Mgeni alipoanza kutaja vifungu vya sheria, mkono ulikwenda kwenye kitufe cha sauti, ukapunguza. Mama mmoja alipopiga simu akaeleza alivyodhulumiwa, fundi akasimamisha cherehani kabisa, mguu ukatulia kwenye pedeli mpaka mama akamaliza. Mimi naandika dakika tu: hapa kapunguza, hapa kasimamisha kazi, hapa kaondoka. Baadaye unaweka daftari pembeni ya rekodi ya kipindi na kuisikiliza upya. Nikimuuliza fundi yule kipindi kilikuwaje, ataniambia kizuri, kwa heshima tu. Daftari ndilo lililokuwa linaniambia.

Una vijana wawili wa mtaani. Kila Alhamisi mmoja asikusanye sauti, akakae mahali: leo kwa mama ntilie, wiki nyingine saluni, wiki nyingine geto la wanafunzi. Waombe ruhusa wenyewe, msijifiche.

Kwa wasioandika kuna kubipu. Laini mbili, swali moja la ndiyo au hapana: "Kama umewahi kulipa dalali chumba usikipate, bipu namba hii. Kama hujawahi, bipu hii." Haikati salio, hata mwenye simu ya kitochi anashiriki. Ila ukisoma matokeo sema "waliobipu", usiseme "wakazi wa Dar".

---

Mzee_wa_Masafa

Marahaba binti yangu. Nimefurahi kuona vijana wanauliza jambo hili.

Nilikuwa fundi mitambo Redio Tanzania, pale Pugu Road, enzi za kadi za salamu. Msikilizaji ananunua kadi, anaijaza jina lake, alipo, na majina ya anaowasalimu, anaituma kwa posta. Watu wanazikumbuka kadi zile kwa salamu zake, lakini sisi wa mitambo tulikuwa tunatazama muhuri wa posta. Ukizipanga mezani kwa mihuri, unaona masafa yanakofika na wilaya gani imenyamaza. Ninyi mnaweza kufanya hivyo leo bila kadi. Kila anayepiga aulizwe kitu kimoja kabla hajaunganishwa hewani, "uko wapi sasa hivi?", na mtu aandike. Baada ya wiki kadhaa mtaiona ramani yenu.

La pili, nakushauri usitegemee msikilizaji mmoja mmoja tu. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa kwenye vikundi vya kusikiliza, kila kikundi na kiongozi wake aliyeandaliwa na kitabu chake. Kipindi kikiisha redio inazimwa, watu wanajadiliana: hapa kwetu malaria inatoka wapi, vyoo viko vingapi, nani ataanza kuchimba. Maana ya kampeni ilikuwa kwenye mazungumzo yale baada ya redio kuzimwa. Wewe unaweza kuwa na vikundi vichache tu. Kimoja hosteli, kimoja magetoni, kimoja cha bodaboda wa kijiwe cha jirani. Kiongozi wa kikundi akupigie siku inayofuata akueleze walibishana nini. Mahali watu walipobishana ndipo mada yenu ya wiki ijayo ilipo.

Na la mwisho, waulizeni pia wasiosikiliza. Mchezo wa redio wa Twende na Wakati ulipoanza mwaka 1993, kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI, kituo cha Dodoma hakikuurusha mpaka mwaka 1995, na ilifanywa hivyo kwa makusudi ili watafiti walinganishe waliousikia na wasiousikia. Ukiwauliza wasikilizaji wako tu kama wanajua haki za mpangaji, hutajua kama ni kipindi kimewafundisha au walikuwa wanajua. Waulize na wa bweni lisilosikiliza, maswali yale yale.

---

Mdau_wa_Sinza

Kwani si atengeneze fomu ya Google aiweke kwenye magrupu ya darasa? Majibu yanakuja yamejipanga, na grafu inakuchorea yenyewe.

---

Dada_wa_Studio

Atengeneze, haina ubaya, ila ajue itamletea wenye bando na wenye muda, na wengi ni wanadarasa wenzake. Fundi cherehani hataijaza. Ikiwepo, isizidi maswali matatu, na lisiwepo "unakionaje kipindi?" Uliza "unakumbuka nini kwenye kipindi cha Alhamisi iliyopita?" Asiyekumbuka kitu ameshakujibu.

Na kitu kingine mdogo wangu, nilikisahau juu. Mkianza kuandika majina na namba za watu, hapo mnakusanya taarifa binafsi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Mtu aambiwe namba yake inachukuliwa kwa kazi gani, na itumike kwa kazi hiyo tu. Daftari lisizagae studio kila anayeingia akapiga picha. Dada mmoja akipiga kueleza mwenye nyumba anavyomsumbua usiku, halafu namba yake ikazunguka chuoni, mtakuwa mmemuumiza. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu wanaopiga na mambo mazito ndio wanaotuamini kuliko wote.

---

Binti_wa_Kimara

Asanteni sana wakubwa zangu. Nimeyasoma yote na timu tukiwa tumekaa kwenye ngazi za maktaba, na tumeamua.

Muziki chini ya mgeni tunautoa kabisa, Kaka_Duka ashukuriwe. Fundi wetu wa mitambo amekubali, pia atasikiliza kipindi kilichorekodiwa kwenye spika mbovu ya simu siyo headfoni za studio. Mtangazaji wetu wa kike ameomba nimwandikie "nyamaza" kwenye karatasi kila anapotaka kumjibia mgeni, na nitamwandikia.

Alhamisi hii ni vyumba. Mgeni ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayekaa Riverside, mwenye mkataba mkononi, atausoma kipengele kwa kipengele. Swali la kubipu ni lile la dalali. Mzee_wa_Masafa, vikundi vitatu tumeshavipata. Kijiwe cha bodaboda walitaka kujua watapata nini, nikawaambia mada moja kila mwezi ni yao, waichague wenyewe. Wamesema wanataka leseni na bima. Niliwaza haihusu wanafunzi, lakini wawili kati yao wanasoma jioni, na sisi ndio abiria wao.

Namba zitakaa kwenye daftari moja, ufunguo wa droo ninao mimi, na muhula ukiisha kurasa zenye namba zinachanwa na kuchomwa. Mtangazaji atalisema hilo hewani.

Nimebakiwa na swali dogo. Anayekwenda kukaa na msikilizaji akiulizwa "na wewe unaonaje?" ajibu au asijibu?

---

Dada_wa_Studio

Asijibu kipindi kikiwa hewani, maana akishatoa maoni yake mwenyeji ataanza kusikiliza kwa masikio ya huyo aliyemtembelea. Aseme tu "ngoja tumalizie kusikiliza". Kikiisha waongee wanavyotaka, anunue na sahani ya ubwabwa kama yuko kwa mama ntilie, asikae bure kwenye benchi la biashara ya mtu. Hela hiyo iweke kwenye bajeti yako pamoja na vocha.

---

Kaka_Duka

Na mimi nipangieni wiki yangu. Jioni kwangu pana watu, vijana wenu wakikaa hapo benchi la nje watasikia redio na watasikia wateja wanavyoibishia. Ila waje kabla ya saa kumi na mbili, wakichelewa benchi linajaa.