Bahati nasibu ya Krismasi ya Hispania: inakuwaje mtaa mzima unashinda siku moja?

Mchukuzi_Tanga
Wakuu habari zenu. Nimeona klipu ya habari, watoto wa shule wamevaa sare wako jukwaani Madrid wanaimba namba za bahati nasibu, halafu ikaonyeshwa baa moja wahudumu na wateja na mama mwenye baa wote wanarukaruka wanamwagiana shampeni, eti wote wameshinda. Inachezwaje hii? Mi nimezoea jackpot anabeba mtu mmoja. La pili, mjomba wangu katumiwa meseji kwamba ameshinda bahati nasibu ya Hispania na anatakiwa atume "ada ya uhamisho" kwanza. Hajawahi kukanyaga huko. Msaada tafadhali maana ameshaanza kutafuta wa kumkopesha.

MamaZawadi_Madrid
Mwambie mjomba asitume hata senti, nitarudi hapo. Hiyo bahati nasibu yenyewe inachezeshwa tarehe 22 Desemba kila mwaka, ipo tangu 1812. Namba ni kuanzia 00000 mpaka 99999, ila kila namba inachapishwa mara nyingi, mwaka 2024 zilikuwa seti 193, na kila tiketi inagawanywa vipande 10, kipande wanaita décimo, euro 20. Kwa hiyo namba moja ina vipande 1,930! Ndo maana duka moja linaweza kuuza namba ileile kwa mtaa mzima. Zawadi kubwa, El Gordo, ni euro 400,000 kwa kila kipande.

Sasa huku kila ofisi ina namba yake, kila baa, kila timu ya mpira ya watoto, na ikifika Novemba inakuzungukia kama kadi ya mchango wa harusi, kukataa ni kazi, maana unawaza hawa wote wakishinda nikabaki peke yangu Januari napiga deki? Mimi nadhani hofu hiyo ndiyo inayouza tiketi kuliko tamaa ya hela. Vikundi vingine vinauza karatasi ya euro 5, euro 4 zinachezwa na 1 inabaki kwenye mfuko wao. Mwaka 2011 kijiji cha wakulima kinaitwa Sodeto, mkoa wa Huesca, akina mama wa chama chao walipita nyumba kwa nyumba kuuza, ikatoka namba yao na karibu kila nyumba ikapata. Mkazi mmoja hawakumpitia akakosa.

Kobe_Mzee
Kuhusu meseji: hukununua tiketi, hujashinda, basi. Hakuna bahati nasibu halali inayodai ada ili ikupe zawadi. Hispania kodi inakatwa kwenye zawadi yenyewe, euro 40,000 za kwanza hazikatwi, zinazobaki zinakatwa asilimia 20, kwa hiyo mwenye 400,000 anaondoka na 328,000 na hajatuma kitu kwa mtu. Zuia hiyo namba, na mjomba asitoe kopi ya kitambulisho wala taarifa za benki.

Hesabu_Tu
Tusije tukaipamba sana jamani. Asilimia 70 ya mauzo ndo inarudi kwenye zawadi, yaani ukiweka 20 kwa wastani unarudishiwa 14. Nafuu kuliko Powerball ya Marekani ambayo inarudisha kama nusu, na kule nafasi ya jackpot ni 1 kwa milioni 292, huku ni 1 kwa 100,000. Lakini kwa wastani bado unapoteza, na anayecheza kila mwaka kwa wastani anapoteza kila mwaka.

MamaZawadi_Madrid
Hesabu_Tu uko sahihi na mimi sinunui zaidi ya kimoja cha kazini. Ila ukiangalia droo yenyewe utaelewa kwa nini watu wanaipenda, kuna matufe mawili ya chuma, kubwa lina vipira vya mbao 100,000 vyenye namba, dogo lina 1,807 vya zawadi, mtoto mmoja anaimba namba mwenzake anaimba zawadi, masaa kadhaa, na kila kipira kinaonyeshwa.

Mchukuzi_Tanga
Asanteni sana, nimemsomea mjomba yote, kaikubali ya Kobe_Mzee kwa shingo upande. Swali la mwisho, mkichangia kipande kimoja watu watano, anayekishika akikimbia nacho?

MamaZawadi_Madrid
Hapo ndo kesi zinapofika mahakamani, maana kipande hakina jina, anayekipeleka ndo analipwa. Sisi tunakipiga picha mbele na nyuma, tunatuma kwenye grupu la WhatsApp na majina ya wote na kila mmoja kaweka euro ngapi, hiyo kabla ya droo siyo baada. Na msichelewe kudai, mwisho miezi mitatu.