Mrejesho: Caravan au ATR? Nimechukua Caravan

Assalaam alaykum wakubwa. Niliuliza: rubani mpya, nimeitwa sehemu mbili, nianze na Cessna Caravan, ndege ndogo, au niwe rubani msaidizi wa ATR 72, ndege kubwa zaidi ya injini mbili? Nakushukuruni nyote mlionijibu.

Nimefuata wengi, Caravan. Unguja na Pemba ni kama nusu saa angani, basi kwa siku moja unapaa na kutua mara nyingi, na kusi likikaza mikono inafunzwa hasa. Aliyesema mtihani ni uzito alisema kweli: abiria na begi lake wote mizanini, na mabibi harusi hawapendi kabisa!

Palipokwama: mlinishauri nijadili kipengele cha kulipa gharama za mafunzo nikiondoka mapema. Wamekataa katakata, nikatia saini hivyo hivyo. Halafu Caravan ni injini moja. Saa zake za kuruka zinaingia kwenye zile 1,500 zinazotakiwa kwa leseni ya juu ya urubani, lakini hazihesabiwi kuwa za injini mbili, na kampuni za ndege kubwa huziulizia. Kaka aliyenisukuma ATR kwa sababu hiyo hakukosea; mimi nimeamua kusubiri.