Mjadala: Anayekaimu daraja la juu alipwe mshahara wa kiti au posho?

Msumeno: Mtu wa daraja la 3 anakaimu la 4. Kuna mikataba ya hali bora, ile ya chama cha wafanyakazi na mwajiri, inayompa posho ya asilimia, mingine inampeleka kwenye mshahara wa daraja la 4. Mimi nasema alipwe mshahara wa kiti alichokalia, kwisha.

Katibu wa Tawi: Usikimbilie. Madaraja hupishana. La 3 likiishia 900 na la 4 likianzia 850, aliyefika kileleni akiwekwa mwanzo wa la 4 anakaimu kwa hasara. Akipewa "ngazi inayofuata juu ya mshahara wake", na ngazi za mshahara ndani ya la 4 ni 850, 880, 910, 940, anaambulia 10. Ongezeni "nyongeza isipungue pengo la ngazi moja", anatua 940.

Nati Kumi: Wizi uko kwenye siku. Kifungu kikisema halipwi mpaka akaimu "siku 10 mfululizo", meneja anamrudisha mtu kwenye kazi yake siku ya 9, keshokutwa anamkaimisha tena, hesabu inaanza sifuri. Dawa ni kujumlisha siku zote ndani ya miezi mitatu, au kulipa tangu zamu ya kwanza. Lakini chama kiko bize na watu wa stoo, wanaosaini karatasi na kulingana daraja na fundi umeme.

Mtu wa Stoo: Haya, tumefika. Fomu ya tathmini ya kazi umewahi kuisoma au unaisikia tu? Inapima ujuzi, juhudi, wajibu na mazingira. Fundi anavuna pointi kwenye ujuzi na hatari. Stoo anavuna kwenye wajibu: spea ikipotea, saini ni yake. Jumla zikiangukia kundi moja, daraja ni moja. Grisi ya mikononi haina safu kwenye fomu.

Nati Kumi: Na uzito wa vipengele anapanga nani? Wajibu ukipewa 40 kwa 100 na mazingira 10, mwenye kiyoyozi atashinda daima. Kuna ule mkataba wa kimataifa, kazi ileile malipo yaleyale. Fundi na stoo ni kazi ileile?

Katibu wa Tawi: Ni Namba 100 wa 1951, wa Shirika la Kazi Duniani, na unahusu ujira sawa wa wanaume na wanawake kwa kazi yenye thamani sawa. Kazi mbili tofauti kabisa zinalinganishwa. Hapo umemsaidia Stoo.

Mtu wa Stoo: Mrudilie polepole, katibu.

Msumeno: Jamani, kukaimu?

Bi Hesabu: Wanaoomba kupandishwa daraja waache kuandika "kazi zimekuwa nyingi". Wingi unadai watu zaidi, daraja haupandishi. Andika jukumu jipya, lilianza lini, nani aliagiza, linakula asilimia ngapi ya muda, na limo kwenye maelezo ya kazi ya daraja lipi. Nawe Nati, tathmini ikirudiwa, kazi yako nayo inaingia mezani. Ikishushwa, omba Mungu mkataba uwe na mshahara binafsi: pesa yako inabaki, nyongeza zinasimama mpaka ngazi mpya ikufikie.

Nati Kumi: Vitisho peleka kwingine. Nimeuliza uzito.

Msumeno: Basi hili tu: mapumziko yakiangukia katikati ya siku 10, mfululizo unakatika?

Katibu wa Tawi: Ikiandikwa "siku" tupu, utumishi watasema umekatika. Andikeni "zamu 10 alizopangiwa".