Alaska Highway mwezi Aprili: je, gari dogo litafika Whitehorse salama?

Mama Wawili (Edmonton):
Habari zenu, ndugu zangu. Mimi na mume wangu tunatarajia kusafiri kwa gari kutoka Edmonton hadi Whitehorse, kaskazini-magharibi mwa Kanada, kwa barabara ya Alaska Highway, pamoja na watoto wetu wawili, mmoja wa miaka sita na mwingine wa miaka tisa, na tumepanga kuondoka tarehe 20 Aprili. Gari letu ni dogo, la kawaida. Nimetazama ramani nikaona kwamba kati ya Fort Nelson na Watson Lake kuna takriban kilomita 500 za milima na misitu ambazo karibu hazina makazi, na hapo ndipo moyo wangu unaposita. Je, theluji huwa imekwisha wakati huo? Tujihadhari na nini zaidi?

Dereva wa Kaskazini:
Salama, dada. Nimeipita njia hiyo kwa lori kwa miaka saba. Gari lenu litafika, kwa kuwa barabara ina lami, ila tarehe mliyochagua ndiyo inayonitia wasiwasi. Pale Summit Lake, ambapo barabara hufikia kimo cha karibu mita 1,300, theluji huweza kuanguka hata mwezi Mei, na sheria ya jimbo la British Columbia inadai tairi za majira ya baridi katika barabara za kaskazini hadi tarehe 30 Aprili. Kibaya zaidi ni kuyeyuka kwenyewe: mchana maji ya theluji hutiririka juu ya lami, usiku yakaganda, na asubuhi dereva hukuta kioo chembamba cha barafu mahali ambapo jana palikuwa pakavu. Ardhi nayo huvimba na kubonyea chini ya lami, hivyo anayekimbiza gari hurushwa kama yuko kwenye mtumbwi.

Jazeni tangi Fort Nelson hata kama limebaki nusu, maana vituo vya mbele ni vichache na vingine hufunguliwa kiangazi tu. Sehemu kubwa ya njia haina mtandao wa simu. Chukueni ramani ya karatasi, mablanketi, chakula cha siku mbili na tairi ya akiba iliyojazwa upepo, na msome taarifa za DriveBC, tovuti ya jimbo kuhusu hali ya barabara, kila asubuhi kabla ya kuondoka.

Halafu kuna wanyama. Karibu na Muncho Lake kondoo wa mwitu hushuka kulamba madini kando ya barabara, na karibu na mto Liard nyati wa Amerika hulala katikati ya njia. Nimewahi kuzima injini nikasubiri dakika ishirini mbele ya dume mmoja ambaye manyoya yake ya baridi yalikuwa yakining'inia mabegani kama pamba inayotoka kwenye godoro lililopasuka. Msipige honi, na msisafiri usiku.

Mwalimu wa Whitehorse:
Naunga mkono aliyotangulia kusema ndugu yangu, na ningewaomba msogeze safari hadi baada ya tarehe 20 Mei. Wakati huo mwanga wa mchana hudumu kwa zaidi ya saa 17, na kando ya Muncho Lake barafu huanza kuachia ukanda wa maji ya rangi ya kijani ambayo watoto hawatayasahau. Laleni karibu na Liard River, kwenye chemchemi ya maji moto inayofikiwa kwa njia ya mbao iliyojengwa juu ya kinamasi. Maji ya upande mmoja huzidi nyuzi 50, kwa hiyo ogeeni upande wa chini. Dubu huwa wameamka na wana njaa, wakila majani machanga ukingoni mwa barabara. Mkiwaona, msishuke garini.

Waelezeni watoto pia kwamba takriban theluthi moja ya wanajeshi wa Marekani walioifungua njia hii mwaka 1942 walikuwa weusi, waliotengwa katika vikosi vyao na kufanya kazi katika baridi ambayo wengi wao hawakuwahi kuijua. Mtakapofika Watson Lake, mtaona maelfu ya vibao vya majina ya miji, desturi iliyoanzishwa na askari mmoja mwaka huohuo. Wageni huruhusiwa kuongeza chao.

Mama Wawili (Edmonton):
Nawashukuru sana. Mume wangu amekubali tuondoke tarehe 23 Mei na tulale njiani usiku tatu. Watoto wamekwisha kupata ubao, na mkubwa ameandika kwa rangi nyekundu: MOROGORO.