Mdogo wangu anaona Vatikani kwenye kila filamu ya ujasusi, naombeni ushauri

Wakuu, habari za jioni. Niko Masasi. Mdogo wangu ana miaka 22, na tangu tumalize kuuza korosho hatoki ndani, ni yeye, kompyuta na kaunta buku. Kila filamu ya ujasusi anaisimamisha, anakuza picha, anatafuta misalaba, eti ni dalili kwamba Vatikani ina mkono humo. Juzi ilikuwa Mission: Impossible III ya 2006, pale Tom Cruise anapoingia Vatikani kwa kanzu ya padri. Nikamwambia, dogo, pale si Vatikani, walipigia kwenye kasri la Caserta, hukohuko Italia. Akajibu, "Si umeona? Walikatazwa!"

Kinachonichosha ni kwamba si yote uzushi. Robert Hanssen, yule wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, aliyekamatwa 2001 kwa kuwauzia Warusi siri, kweli alikuwa mwanachama wa Opus Dei, lile shirika la Kikatoliki. Hapo sina la kubisha. Lakini kutoka hapo mpaka kunionyesha fremu ya dirisha nyuma ya jasusi, ameizungushia wino mwekundu, eti msalaba? Fremu ya dirisha jamani!

Jumuiya haendi tena, mama analalamika. Jumapili tulisali Ndanda, wenzake wanapiga magoti, yeye anahesabu nguzo.

Kumnyang'anya kompyuta naona ni ugomvi tu. Nikimpeleka kwa padri, atasema naye yumo. Aliyewahi kuishi na mtu wa hivi alianzia wapi?