Tupeane uzoefu: mboga za kujaza na kuoka kwa chakula cha usiku

Mama wa Tabata (mwanzisha mada)
Habari za jioni wapendwa. Nyumbani tuko wanne. Mume wangu ameshauriwa na daktari apunguze chumvi na asile chakula kizito usiku, basi wali na ugali wa saa 3 tumeuacha. Mimi natoka Posta, nafika nyumbani saa 1:30 foleni ikiwa na huruma, kwa hiyo nataka kitu kisichonishikilia jikoni.

Jumanne nilijaribu hoho za kujaza. Nilikata vichwa, nikatoa mbegu, nikashindilia nyama ya kusaga mbichi niliyoichanganya na mchele mkavu, nikaoka nyuzi 180. Baada ya dakika 40 hoho zilikuwa zimelegea zinaogelea kwenye maji, na mchele bado unakwaruza meno. Watoto walikula kwa adabu tu. Niliumia, maana zile hoho nilizichagua moja moja pale Buguruni. Mnaozipika, mnafanyaje?

Shangazi wa Sinza
Pole mwanangu. Mchele mkavu unataka maji na muda, na ndani ya hoho haupati vyote viwili. Mimi natumia kiporo cha wali. Nyama naikaanga kwanza: kitunguu maji, swaumu, tangawizi, nyanya moja tu, mpaka rojo likauke na sufuria ianze kulia. Nusu kilo ya nyama na vikombe 2 vya wali vinanitosha hoho 8.

Halafu hoho zenyewe, ziingize oveni tupu dakika 10, midomo imeangalia chini, zidondoshe maji yake. Ndipo ujaze na kurudisha dakika 20. Ukiwa sokoni geuza hoho utazame kitako: yenye miguu minne inasimama yenyewe. Ikiyumba, ipunguze kidogo kwa kisu bila kuitoboa. Na hiyo chumvi ya baba watoto usiihangaikie, ndimu na pilipili manga vinaziba pengo lake vizuri sana.

Mpangaji wa Mbagala
Mimi sina oveni, na mboga za kuoka nakula kila wiki. Napalia makaa juu, kama mama alivyokuwa akifanya mkate wa kumimina. Sufuria nzito, ndani vijiwe vitatu, juu ya vijiwe sahani ya bati yenye mboga. Chini makaa machache, juu ya mfuniko mengi. Ukizidisha ya chini unaunguza vitako na juu pamebaki pabichi.

Ninayoipenda ni biringanya. Ipasue kwa urefu, chimba nyama yake kwa kijiko ubakize ukuta wa unene wa kidole kidogo. Nyunyizia chumvi, subiri dakika 20 uone matone yanavyojitokeza kama jasho, suuza vizuri, kausha kwa kitambaa. Ile nyama yake usiitupe! Ikatekate, ikaange na kitunguu, karoti, choroko zilizokwisha kuiva na vijiko viwili vya tui zito. Jaza, funika, palia. Ngozi ikikunjamana na kidole kikizama ukibonyeza, imeiva. Kwangu huchukua kama dakika 30.

Baba wa Kigamboni
Kwetu ni nyanya na samaki. Nachukua jodari Feri kabla ya kupanda pantoni, namchemsha, namchambua, nachanganya na kotimiri na ndimu. Nyanya ziwe kubwa na ngumu. Ukishazichimba ziinamishe kwenye sahani zichuje. Juzi umeme ulikatika zikiwa nusu. Nilizihamishia kwenye kikaangio cha gesi, mfuniko juu, moto mdogo, dakika 15. Juu hazikupata rangi lakini zilikuwa tamu.

Binti wa Mwenge
Shikamoo shangazi. Naweza kujaza usiku nikaoka kesho yake?

Shangazi wa Sinza
Marahaba. Mchanganyiko upike leo, uupoze, uweke friji kwenye chombo chenye mfuniko. Kujaza kufanyike siku ya kuoka. Ukijaza mapema chumvi inavuta maji ya mboga, asubuhi unakuta dimbwi.

Mama wa Tabata
Mrejesho. Jana nyama niliipika alfajiri kabla ya kutoka. Jioni nikaoka hoho tupu dakika 10 kama shangazi alivyosema, na kweli trei ilijaa maji, nikayamwaga. Nikajaza, nikaongeza biringanya moja ya choroko kwa ajili ya mzee. Saa 2:15 tulikuwa mezani. Hoho zimesimama, kingo zimeungua kidogo, ukikata nyama haimwagiki. Mzee alimaliza biringanya yote hadi ngozi, na mdogo akafunika hoho moja kwenye bakuli aende nayo shule.

Nina nusu ya kabichi kwenye friji. Anayejua kuviringisha majani bila kuyapasua kwenye ule mshipa wa katikati, naomba anielekeze kabla ya Jumatatu.