Naomba ushauri: programu ya simu ya kusimamia anwani za IP

Ndugu zangu, habari za kazi. Nina duka dogo la steshenari, na printa yetu ya Wi-Fi hupotea kila umeme unapokatika, kwa sababu ruta ikiwaka upya huigawia anwani nyingine ya IP (namba inayokitambulisha kifaa kwenye mtandao): juzi ilikuwa 192.168.1.7, leo asubuhi nimeikuta kwenye 192.168.1.12, huku wateja wenye barua za kuchapa wamesimama dirishani. Nimeweka programu ya Fing kwenye simu yangu ya Android, nayo huorodhesha vifaa vyote vilivyo kwenye mtandao pamoja na anwani zake, jambo lililonisaidia sana. Lakini kuiona anwani si kuifunga isibadilike. Nafahamu kwamba dawa yake ni kuitengea printa anwani ya kudumu ndani ya ruta kwa kutumia namba yake ya MAC, yaani namba ya utambulisho ambayo kifaa hutoka nayo kiwandani.

Je, ipo programu ya simu inayoweza kufanya kazi hiyo, kwa kuwa dukani sina kompyuta? Na je, ni salama kuikabidhi nenosiri la ruta? Hili la pili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, maana mtandao huohuo hupitisha vyeti na vitambulisho vya watu walioniamini. Natanguliza shukrani.